Swichi ya silikoni kabaidi haisamehe nyaya za zamani

Chukua inveta mbili za ukubwa mmoja, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa DC kuwa AC, zote zikiendesha mota kutoka laini ya DC ya volti 800. Ya kwanza ina transista (swichi za kielektroniki) za silikoni za aina ya IGBT, ambazo zimebeba viwanda na treni kwa zaidi ya miaka 30. Ya pili ina MOSFET (aina nyingine ya transista) za silikoni kabaidi, kitu kile kile kigumu kinachopakwa kwenye karatasi za msasa, ambacho kwa alama ya kikemia huandikwa SiC. Pitisha ampea 300 kwenye kila moja zikiwa zimeshapata moto wa kazi. IGBT itabaki na volti 1.9 hivi kati ya miguu yake, yaani wati 570 zinazogeuka joto. MOSFET ambayo ukinzani wake ukiwa moto ni miliomu 7 itabaki na volti 2.1, yaani wati 630. Kwa mzigo kamili, kipande kipya cha bei kubwa kinapoteza zaidi.

Sasa shusha mkondo hadi ampea 30. IGBT ina sakafu yake ambayo volti haishuki chini yake, tuseme 0.9, kwa hiyo bado inachoma wati 27. MOSFET haina sakafu hiyo. Ni ukinzani mtupu, kwa hiyo inabaki na volti 0.21 na wati 6.3 tu. Hapo pengo ni zaidi ya mara nne, na linaelekea upande wa kipande kipya.

Hesabu hiyo fupi ndiyo inayokosekana kwenye mazungumzo mengi ya ununuzi. Gari la umeme hutumia sehemu kubwa ya safari likiwa kwenye mzigo mdogo: limeshika mwendo, linashuka mteremko, linasubiri kwenye foleni. Treni nayo ikishapata kasi hudai nguvu kidogo sana kuliko ilipokuwa ikiondoka stesheni. Huko SiC inalipa. Pampu ya kiwandani inayozunguka kwa mzigo uleule mchana na usiku, swichi za inveta yake zikiwashwa na kuzimwa kwa masafa ya kilohezi 3 au 4 na yenyewe ikilishwa kwa kebo ya mita 60, inalipa kidogo mno, na pengine inaleta madhara ambayo hayakuwapo. Faida ya swichi hizi ni ya kweli. Lakini inapatikana pale tu ambapo geti (mguu unaoamuru swichi iwake au izime), mpangilio wa shaba, kinga ya shoti, kebo, mota na upoozaji vimesanifiwa upya kuifuata. Anayebadilisha moduli (kasha lenye swichi) na kuacha mengine yalivyo amenunua kasi ambayo vifaa vyake haviwezi kuibeba.

Historia yake haina miujiza. Dayodi za SiC ziliingia sokoni 2001 kupitia Infineon. MOSFET ya kibiashara ya volti 1200 ilitolewa na Cree mwaka 2011. Mwaka uliofuata, vipande vya SiC vilikuwa tayari chini ya sakafu ya treni za laini ya Ginza mjini Tokyo, katika inveta za Mitsubishi Electric. Tesla Model 3 ya 2017 ilivipeleka kwenye gari la watu wengi, na treni ya kasi ya N700S iliyoanza huduma Japani Julai 2020 ilivitumia kwenye mfumo wake wa kuendeshea, vifaa vya chini ya sakafu vikapungua ukubwa na uzito. Tazama mpangilio huo: usafiri ulitangulia, kwa sababu usafiri hulipia kila kilo na kila lita ya nafasi. Mashine iliyofungwa kwenye sakafu ya zege hailipii uzito.

Nguvu ya SiC inatoka kwenye fuwele yenyewe. Pengo la nishati ambalo elektroni inapaswa kuvuka ni elektroni-volti 3.26, wakati la silikoni ni 1.12. Kwa hiyo SiC huvumilia uga wa umeme unaokaribia mara kumi ule wa silikoni kabla ya kupasuka, na tabaka linalozuia volti 1200 linaweza kuwa jembamba sana. Tabaka jembamba lina ukinzani mdogo na eneo dogo, na eneo dogo lina kapasitansi (uwezo wa kubeba chaji) ndogo, ndiyo maana swichi inaweza kubadilika kwa nanosekunde 20 mahali ambapo IGBT hutaka 100 au zaidi. IGBT pia ikizimwa huacha mkia wa mkondo, kwa sababu inabeba chaji za aina mbili na zile za ndani huchelewa kuondoka. MOSFET haina mkia.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza, na la kwanza liko kwenye geti.

IGBT huwaka geti lake likifika volti 5 au 6. MOSFET nyingi za SiC huanza kuwaka kwenye volti 2.5 hadi 3 zikiwa baridi, na kizingiti hicho hushuka kuelekea 2 zikipata moto. Sasa fikiria tawi moja la inveta, swichi ya juu na ya chini. Ya juu ikiwaka, volti ya ile ya chini, ambayo imezimwa, hupanda kwa kasi ya volti 50 kwa kila nanosekunde. Kati ya mguu wa drein (mkondo unakoingilia) na geti kuna kapasitansi ndogo, tuseme pikofaradi 20. Zidisha: pikofaradi 20 kwa volti 50 kwa nanosekunde ni ampea 1 kamili inayosukumwa kwenye geti. Ikiwa njia ya kuutoa mkondo huo ina omu 5, geti linainuliwa kwa volti 5. Swichi iliyotakiwa kulala inaamka, swichi zote mbili zinapitisha umeme kwa pamoja, na laini ya DC inapata shoti ya muda mfupi kila mara swichi ya juu inapowaka. Mara nyingi haiui moduli siku hiyo. Inaonekana kama joto lisiloelezeka, ufanisi ulio chini ya hesabu, kisha kifo baada ya wiki kadhaa.

Dawa zake zinajulikana. Zima geti kwa volti hasi ya 3 hadi 5 badala ya sifuri: katika mfano wetu, volti 5 zilizoinuliwa juu ya hasi 4 zinafika chanya 1 tu, chini ya kizingiti. Tenganisha rezista ya kuwashia na ya kuzimia ili ya kuzimia iwe ndogo. Tumia draiva (saketi inayoliendesha geti) yenye kibanio cha Miller kinacholifunga geti moja kwa moja kwenye mguu wa sosi (mkondo unakotokea) mara swichi inapozimwa. Weka draiva ndani ya sentimita 2 au 3 kutoka kwenye moduli, kwa sababu waya wa geti wa sentimita 10 una indaktansi, tabia ya waya kupinga mkondo kubadilika, ya nanohenri zipatazo 100 na utalifanya geti litetemeke kama uzi wa gambusi. Na kama unatumia vipande vya mojamoja, chagua vyenye miguu minne. Mguu wa nne ni njia ya kurudi ya draiva peke yake. Kwenye kifaa cha miguu mitatu, mkondo mkubwa unaopita kwenye mguu wa sosi huzaa volti inayopingana na draiva, na kasi uliyoilipia inapotea palepale.

Kuna kosa jingine la geti ambalo ni la makaratasi zaidi kuliko la umeme. Watengenezaji hawakubaliani kuhusu volti ya kuwashia. Mmoja anataka 15, mwingine 18, mwingine 20, na mipaka ya upande hasi inatofautiana vilevile. Umbo la nje ni lilelile, mashimo ya skrubu ni yaleyale. Fundi anayechukua mbadala kwa kulinganisha volti 1200 na ampea pekee anaweza kuendesha kifaa cha volti 18 kwa volti 15: kitawaka nusunusu, ukinzani utakuwa juu, joto litapanda. Akienda kinyume chake, ukuta mwembamba wa oksidi kwenye geti utachoka kabla ya wakati. GaN, yaani galiamu naitraidi, semikondakta nyingine ya kizazi kipya, ina mipaka mikali zaidi: aina nyingi huwashwa kwa volti 5 au 6 na hufa karibu na 7. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Tatizo la pili ni shaba. Kila milimita ya njia ya mkondo kati ya kapasita za laini ya DC na moduli ina indaktansi, na swichi inapokata mkondo ghafla, indaktansi hujibu kwa volti. Mkondo ukibadilika kwa ampea 1 kwa nanosekunde kwenye njia ya nanohenri 50, nyongeza ni volti 50. Hakuna anayeijali. SiC ikikata kwa ampea 5 kwa nanosekunde kwenye njia hiyohiyo, nyongeza ni volti 250, na laini ya 800 inafika 1050 mbele ya kifaa cha 1200. Ongeza kupanda kwa laini wakati gari linapofunga breki na kurudisha umeme, na akiba imekwisha. Akiba hiyo haikuwekwa kwa woga tu. Miale ya anga hutoa nyutroni zinazoweza kuua kifaa chenye volti nyingi papo hapo, na hatari hiyo hupanda kwa haraka kadiri volti ya kazi inavyokaribia kikomo cha kifaa na kadiri mashine inavyofanya kazi mahali pa juu. Ndiyo sababu kifaa cha 1200 hupewa laini ya takriban 800.

Kwa hiyo laini ya DC ijengwe kwa mabamba mawili mapana ya shaba yaliyolaliana, chanya juu na hasi chini, kihami chembamba katikati, na kapasita ndogo za seramiki au filamu ziwekwe kwenye vituo vya moduli hasa. Lengo ni njia nzima kushuka chini ya nanohenri 20. Baa mbili za shaba zilizotenganishwa kwa sentimita 5, mtindo uliotosha kwa IGBT, hazifikii hapo.

Shoti ya kweli ni jambo la tatu, na ndipo draiva ya zamani inapokuwa bomu. IGBT nyingi za kiwandani zimejengwa kuvumilia shoti kwa mikrosekunde 10. Chipu ya SiC ni ndogo, haina mahali pa kuhifadhi joto, na huvumilia mikrosekunde 2 au 3 hivi. Draiva iliyosanifiwa kwa IGBT husubiri mikrosekunde kadhaa kabla hata ya kuanza kuangalia kama kuna shoti, ili isidanganywe na kelele za kuwaka. Itakapoamua kuchukua hatua, SiC imeshakuwa moshi. Kinga lazima igundue ndani ya mikrosekunde 1, kisha izime geti polepole, kwa sababu kukata ampea 2,000 kwa kasi ya kawaida kutazaa mruko wa volti utakaoiua moduli iliyonusurika na shoti.

Nje ya sanduku la inveta kuna kebo na mota. Hizi ndizo hulipa deni, na mara nyingi ziko chini ya idara nyingine ambayo haikuulizwa.

Wimbi la volti husafiri kwenye kebo ya mota kwa mita 150 hivi kwa mikrosekunde. Likifika kwenye mota hukuta ukinzani mkubwa wa koili na kurudi nyuma, na volti kwenye vituo vya mota huweza kufika mara mbili ya laini ya DC. Hili hutokea kikamilifu pale urefu wa kebo unapozidi nusu ya umbali ambao wimbi husafiri wakati wa kupanda kwa volti. Kwa IGBT ya nanosekunde 100, urefu huo ni mita 7.5. Kwa SiC ya nanosekunde 20, ni mita 1.5. Maana yake mota yoyote ambayo haikufungwa ubavuni mwa inveta itaonja mara mbili. Inveta ya umeme wa volti 400 ina laini ya DC ya volti 540 hadi 565, kwa hiyo koili zinapigwa na takriban 1,100. Ya volti 690 inakaribia 1,900. Kiwango cha NEMA MG 1 sehemu ya 31, kwa mota za volti zisizozidi 600 zilizokusudiwa kuendeshwa na inveta, kinazungumzia kilele kisichozidi mara 3.1 ya volti ya mota na muda wa kupanda usiopungua mikrosekunde 0.1. Angalia nusu ya pili ya sharti hilo, kwa sababu ndiyo inayosahaulika: nanosekunde 20 ni kasi mara tano kuliko kile ambacho mota iliahidiwa.

Kasi yenyewe ina madhara hata pale kilele kisipozidi. Volti inayopanda ghafla haigawanyiki sawasawa kwenye mizunguko ya koili. Mizunguko ya kwanza hubeba sehemu kubwa, na waya wa mzunguko wa kwanza unaweza kulalia waya wa mzunguko wa mwisho wa koili hiyohiyo, kwa sababu waya za mota ndogo hutupwa ndani ya mfereji bila mpangilio. Ukuta kati yao ni vanishi ya makumi ya mikroni tu. Hewa iliyobaki kwenye upenyo hupasuka kwa cheche ndogo, cheche hula vanishi, na baada ya miezi mota inapata shoti kati ya mizunguko. Megger (kipima kihami) ya kawaida haitaonyesha kitu hadi mwisho, kwa kuwa inapima koili dhidi ya mwili wa mota, haipimi mzunguko dhidi ya mzunguko. Kipimo sahihi ni cha msukumo wa volti, na kwa mota mpya, cheti cha IEC 60034-18-41 kinachoonyesha kwamba cheche hizo hazianzi kwenye volti ya kazi.

Beringi nazo hupigwa. Volti inayobadilika kwa kasi hupenya kapasitansi kati ya koili na rota, mhimili unapata volti, na grisi iliyo kati ya gololi na njia yake inapasuka kwa cheche. Beringi iliyokufa hivyo ina alama ya kipekee: mistari ya kukingama iliyo sawasawa kwenye njia ya gololi, kama ubao wa kufulia. Kuibadilisha bila kutibu chanzo ni kupanga tarehe ya kuibadilisha tena. Tiba ni beringi ya seramiki au iliyohamiwa upande mmoja, pete ya nyuzi za kaboni inayoupeleka umeme wa mhimili ardhini upande wa pili, na kebo yenye wavu wa shaba uliobanwa kuizunguka yote kwenye ncha zake mbili. Mtindo wa kusokota wavu kuwa mkia wa sentimita 10 na kuufunga kwa skrubu moja ni sawa na kutofunga kitu, maana kwa masafa haya mkia huo ni ukuta.

Ikiwa kebo ni ndefu, chujio la volti kati ya inveta na mota ni la lazima. Na hapa uchambuzi unageuka kuwa uamuzi. Chujio linaipunguza kasi ya SiC hadi kiwango cha IGBT, lina uzito, lina upotevu, lina bei. Mtu anaweza pia kuongeza rezista ya geti na kuipunguza kasi kwenye chanzo. Ukifanya hivyo, umenunua swichi ya kasi kisha ukailipia breki. Katika kiwanda chenye mota zilizosambaa, naona IGBT bado ndiyo chaguo la busara kwa inveta nyingi za feni, pampu na mikanda ya kubebea mizigo. SiC ina nafasi pale inveta na mota vimo ndani ya kasha moja, pale mota inazunguka kwa kasi kubwa sana na inahitaji masafa ya juu, na kwenye vifaa visivyo na mota kabisa: chaja za magari, vigeuzi vya umeme wa jua na betri, mashine za kuchomea vyuma, tanuri za sumaku.

Joto linastahili maneno machache ya hesabu. Kwa kuwa chipu ni ndogo, joto lilelile linapita kwenye eneo dogo, na kila tabaka lililo chini yake linahesabika. Grisi ya joto yenye upitishaji wa wati 1 kwa mita kwa kelvini, ikipakwa unene wa mikroni 100 chini ya moduli ya sentimita za mraba 20, ina ukinzani wa joto wa kelvini 0.05 kwa wati. Kwa wati 600, hizo ni nyuzi 30 zilizopotea kwenye grisi pekee. Unene wa mikroni 50 unazipunguza hadi 15. Basi grisi isipakwe kwa kidole. Ipakwe kwa kiolezo cha chuma chenye matundu, hitisinki (bamba la kutolea joto) ikaguliwe unyoofu wake kwa rula, skrubu zikazwe kwa mkingamo, kwanza kidogo kisha kwa toki iliyoandikwa na mtengenezaji, na zikaguliwe tena baada ya mizunguko michache ya moto na baridi, grisi ikishatulia.

Ndani ya moduli kuna ugomvi mwingine usioonekana. SiC ni ngumu karibu mara tatu kuliko silikoni, kwa hiyo haijipindi kusaidia lehemu iliyo chini yake pale joto linapopanda na kushuka, na lehemu huchoka mapema. Ndiyo sababu moduli bora hutumia unga wa fedha uliobanwa kwa joto la nyuzi 250 hivi. Ukishashikana, huwa ni fedha tupu ambayo haiyeyuki kabla ya nyuzi 961, wakati lehemu isiyo na risasi huyeyuka kuanzia 217. Bamba la seramiki la silikoni naitraidi hustahimili mizunguko mingi kuliko la alumina. Mnunuzi wa inveta ya basi linalosimama na kuondoka mara mia kadhaa kwa siku ana haki ya kuuliza moja kwa moja: chipu imeshikizwa kwa nini, na jedwali la mizunguko ya joto liko wapi? Jibu la "ubora wa magari" halitoshi. AEC-Q101 ni mtihani wa chini kwa kipande kimoja, hausemi lolote kuhusu miaka 15 ya vituo vya basi.

Kapasita za laini ya DC hubadilika pia. Zile za filamu zimechukua nafasi ya za elektroliti kwenye magari, na ni sawa. Viwandani elektroliti bado zipo, na kanuni yake ya zamani bado inafanya kazi: kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza umri mara mbili. Kapasita ya saa 5,000 kwenye nyuzi 105 ina saa 80,000 kwenye nyuzi 65. Inveta ya akiba iliyokaa stoo zaidi ya mwaka mmoja isiunganishwe moja kwa moja na umeme kamili. Oksidi iliyolegea ndani ya kapasita hurudishwa kwa kupandisha volti taratibu, na maelekezo ya hatua zake yapo kwenye kitabu cha mashine.

Kwa usafiri kuna sharti la ziada la umeme mdogo unaolisha draiva na kompyuta. Mfumo wa volti 24 wa lori, betri ikichomoka wakati alteneta inachaji, unaweza kupata mruko wa hadi volti 202 kwa mujibu wa ISO 16750-2 kama alteneta haina kinga ya ndani. Kwenye treni, EN 50155 inataka kifaa kifanye kazi mfululizo kati ya mara 0.7 na 1.25 ya volti ya betri: kwa betri ya 110, kati ya 77 na 137.5, na kwa sekunde 0.1 kivumilie 66 hadi 154. Kifaa cha kiwandani chenye uvumilivu wa asilimia 10 kikiwekwa humo kitajizima kila dereva anapowasha kompresa. Laini za data nazo hupata kelele za swichi mpya. Kabla ya kulaumu programu, zima umeme na upime ukinzani kati ya nyaya mbili za CAN, mtandao wa data wa gari. Omu 60 ni sawa. Omu 120 maana yake rezista moja ya mwisho haipo. Omu 40 maana yake mtu ameongeza ya tatu.

Mtindo wa kuondoa fyuzi na rilei na kuweka swichi za semikondakta unaenea kwenye magari ya kisasa, na una faida kubwa: swichi inapima mkondo, inakata kwa mikrosekunde, inajiripoti. Lakini semikondakta ikiharibika mara nyingi hubaki imeunganika, na hata ikiwa nzima huvujisha mkondo kidogo. Kwenye laini ya betri ya volti 800, kontakta ya kweli inayotenganisha shaba na shaba lazima ibaki nyuma yake. Na kontakta hiyo ifungwe baada ya kapasita kujazwa kupitia rezista. Kapasita ya mikrofaradi 500 kwa volti 800 inabeba jouli 160. Rezista ya omu 400 huijaza kwa sekunde 1 hivi. Programu ikiruhusu kontakta ifungwe kwa kuhesabu muda tu, bila kupima volti pande zote mbili, siku rezista itakapokatika kontakta itajichomelea yenyewe, na gari halitakuwa na njia ya kuzima betri.

Upimaji wenyewe unahitaji vifaa vipya. Probu ya kawaida yenye waya wa ardhi wa sentimita 15 itaonyesha mitetemo ambayo haipo na kuficha iliyopo. Ardhi iwe ya springi fupi, osiloskopu na probu ziwe za megahezi 200 au zaidi, na kwa geti la swichi ya juu, probu iliyotenganishwa kwa mwanga. Jaribio la msingi ni la mipigo miwili: koili ya mikrohenri 100 sambamba na swichi ya juu, swichi ya chini ipigwe mpigo wa kwanza. Kwa volti 800, mikrosekunde 37.5 hufikisha ampea 300. Pumzika mikrosekunde chache, kisha mpigo mfupi wa pili. Mwisho wa mpigo wa kwanza unaonyesha kuzima, mwanzo wa wa pili unaonyesha kuwaka. Anza na volti 100, panda kwa hatua, na mtu yeyote asisogee karibu na benchi wakati kapasita zimejaa.

Limebaki suala la upatikanaji. Fuwele za SiC hukuzwa kutoka kwenye mvuke kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000, kwa sehemu ya milimita kwa saa, na ugumu wake unakaribia almasi, kwa hiyo hata kuikata ni kazi ya muda. Sekta inahama kutoka sahani za milimita 150 kwenda 200, na uhamaji huo umekuwa wa gharama: Wolfspeed, jina jipya la Cree iliyotoa MOSFET ile ya kwanza, iliomba ulinzi wa kufilisika Marekani Juni 2025. Treni hukaa kazini miaka 30. Mkataba wa inveta zake unapaswa kutaja moduli mbili za watengenezaji wawili, zote zikiwa zimepitia jaribio la mipigo miwili kwenye draiva ileile kabla ya treni ya kwanza kutoka karakana, thamani za rezista za geti kwa kila moja zikiwa zimeandikwa kwenye mchoro unaokabidhiwa kwa mafundi wa matengenezo.